Jicho la Husuda na Shanga za Kinga

Hakika jicho la husuda ni kweli, ndivyo alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Lakini kinga yake si ushanga.

Ushanga wa kinga ni wa kale kuliko hijra. Watu wa Misri ya zamani na pwani za Bahari ya Kati walifanya shanga za kioo zenye mfano wa jicho, wakiitakidi kuwa jicho la ushanga hurudisha jicho la mtu. Waarabu wa Jahilia nao walivaa tamima. Amesimulia Uqba bin Amir kuwa walikuja watu kumi kwa Mtume. Akapokea baia ya tisa, akamzuilia wa kumi mpaka alipoikata tamima yake. Ama hirizi ya aya za Kurani tu, wanavyuoni wamekhitalifiana. Ushanga hauna khitilafu.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilichukua shanga, nyingi zimefanywa Venice, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na nchi za kaskazini yake, ambako leo kuna stesheni ya Isaka. Zilikuwa fedha na pambo. Wengine wakazivaa kwa ajili ya mizimu. Na baadhi ya waalimu wa pwani wakauza hirizi huko kwa jina la dini.

Wala khatari haikomi kwenye ushanga, kwani aogopaye jicho humtafuta mwenye jicho. Katika Shinyanga na Geita vikongwe wengi wameuawa kwa macho mekundu, wakidhaniwa wachawi. Na wekundu ule aghalabu ni wa moshi wa kuni na samadi kavu, waliyowapikia watoto wao. Na tangu mwaka 2007 zimeenea khabari za watu wenye ualbino kuuawa, viungo vyao vifanywe hirizi za kutafutia dhahabu na samaki. Huo ndio mwisho wa njia iliyoanza kwa uzi shingoni.

Basi Mwislamu afanyeje? Amir bin Rabia alimwona Sahl bin Hunaif akioga, akastaajabia ngozi yake, Sahl akaanguka. Mtume akamlaumu Amir kwa kutomwombea ndugu yake baraka, akamwamuru atawadhe, na maji yale akamwagiwa Sahl, akapona. Tazama: mwenye jicho alijulikana, naye hakupigwa wala hakufukuzwa.

Apendezwaye na mali au mtoto wa mwenziwe na aombe baraka. Aogopaye na asome Falaki na Nasi. Na afikaye Isaka kwa biashara asiuze hirizi, wala asinyamaze mwanamke mzee anaposingiziwa.

Wallahu aalam.