Sumbawanga hadi Kirando: Hesabu Mlima Kabla ya Kilomita

Ukiuliza pale Sumbawanga umbali wa kwenda Kirando, utaambiwa kilomita mia na sitini hivi, na jibu hilo halitakusaidia sana. Kinachoamua safari ni kwamba mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kirando iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kwenye mita 773 hivi. Njiani utateremka karibu mita elfu moja. Ukirudi kwa njia ileile kwa baiskeli, utazilipa zote kwa mapaja yako. Ndiyo maana ninamshauri anayetaka kuitumia likizo yake kwenye uwanda wa Ufipa kwa baiskeli au kwa miguu aipange safari ielekee upande mmoja tu, kutoka uwandani kwenda ziwani, na kurudi apande gari.

Upepo nao unasema hivyohivyo. Wakati wa kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka kusini mashariki, na barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere inaelekea kaskazini magharibi. Ukienda, unasukumwa mgongoni. Ukirudi, unaupokea usoni kwenye uwanda usio na miti ya kukukinga.

Mvua za mkoa huu wa Rukwa huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na katika miezi hiyo njia ya udongo ya kushukia ziwani hugeuka tope linaloganda kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nafasi nzuri ni kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, nyasi zikiwa bado na rangi na vijito vikiwa bado na maji. Jiandae kwa baridi. Usiku wa Juni hapa uwandani unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wengi watokao pwani hubeba kofia ya jua wakasahau sweta. Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam halitarajii: Rukwa iko magharibi kiasi kwamba mwezi Juni jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Hakuna maana ya kuondoka saa kumi na mbili, labda uwe na taa nzuri. Jioni unafidiwa, kwani mwanga hukaa karibu hadi saa moja.

Kuanzia Agosti watu huchoma nyika, moshi hutanda na mandhari uliyoifuata hutaifaidi. Kufikia Oktoba kule chini ziwani joto ni kali. Mmisionari na msafiri David Livingstone alipita na ufuko huo kwa miguu Oktoba 1872 akielekea kusini, akapanda na kushuka vilima vinavyoingia ziwani huku jua likimchoma, na alikuwa ameshakonda kwa maradhi. Nawe ukitaka kutembea ufukoni, usichague mwezi aliouchagua yeye.

Sehemu ya kwanza ya safari, hadi Namanyere, ni kama kilomita mia, na kwa sehemu kubwa ni lami. Waendesha baiskeli wazoefu huimaliza kwa siku moja. Sioni haraka ya nini. Lala Chala, kijiji chenye misheni ya zamani ya Wakatoliki, kisha kesho yake uendelee taratibu. Uwanda huu unaonekana tambarare ukiwa ndani ya basi, lakini ukiwa kwenye baiskeli unagundua kuwa ni mikunjo isiyokwisha: unateremka bonde dogo, unapanda kilima kidogo, na hivyo hadi jioni. Shika ukingo wa lami, vaa nguo inayoonekana kwa mbali, na ukisikia lori nyuma na jingine mbele kwa pamoja, toka barabarani kabisa. Hakuna aibu katika hilo.

Njiani utaona mashamba ya mahindi, ulezi na maharage, na katika baadhi yake vichuguu vya mviringo vya udongo uliofukia majani ili yaoze. Hiyo ni mbolea ya Wafipa, wenyeji wa uwanda huu, nao wamekuwa wakilima hivyo tangu zamani. Walikuwa pia wahunzi wakubwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, marefu kuliko mtu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivuo, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri dogo na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Mabaki ya malungu bado yamesimama sehemu kadhaa uwandani. Mwombe mwenyeji akupeleke, mlipe muda wake, na usipande juu wala kubandua kipande cha udongo kwa ukumbusho.

Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, ndipo pa kujipanga. Kuna hospitali, mawakala wa fedha za simu, gesti na mafundi baiskeli. Toa fedha taslimu hapa. Kununua tyubu ya akiba, viraka, solushen na raba za breki fanya hukuhuku, maana mbele duka halina uhakika wa kuwa na saizi yako.

Kutoka hapo hadi ziwani ni kilomita 60 na ushee, lami usiitegemee, na hapa ndipo baiskeli inapojaribiwa. Mteremko mrefu unakula breki. Anayeng'ang'ania breki muda wote huipasha rimu moto, raba zikalainika na mwisho hazishiki. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena, na simama kila baada ya muda uguse rimu kwa tahadhari. Kama unatumia baiskeli ya kawaida ya dukani yenye breki za vyuma, ile ambayo wenyeji hupakia magunia, fanya wanavyofanya wao: kwenye mteremko mkali shuka, utembee nayo. Watazame. Hakuna mwalimu bora wa njia hii kuliko mtu anayeipanda na mzigo wa samaki kwenye keria. Yeye anajua ni kona ipi ina mchanga na ni kijito kipi kimekula daraja.

Anayetembea kwa miguu atenge siku tatu kwa kipande hiki, na asipige njia za mkato peke yake. Katika kila kijiji anza ofisini kwa mtendaji, na asipokuwepo mtafute mwenyekiti. Toa kitambulisho, sema unatoka wapi, unalala wapi, unakwenda wapi. Huu ni mpaka. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na mgeni anayekatiza porini bila kujulikana huzua maswali. Ukishajitambulisha, mara nyingi utapewa kijana wa kukuongoza na mahali pa kulala. Shikamoo kwa wazee isikupite hata kama umechoka.

Kaskazini mwa njia kuna Pori la Akiba la Lwafi, nalo haliingiwi bila kibali. Na kwa anayefikiria kuiendeleza safari hadi Mpanda: barabara hiyo inapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye simba, tembo na nyati. Baiskeli ipakie kwenye basi kabla ya kufika hifadhini. Mbung'o nao wapo wengi, na huvutwa sana na nguo nyeusi na za buluu iliyokolea, kwa hiyo vaa rangi ya kaki.

Kirando yenyewe ni mji wa wavuvi. Dagaa huanikwa, migebuka hukaangwa ikaliwa na ugali, na baada ya baridi ya uwandani joto lake hukufanya uvue sweta hata kabla hujafika. Malaria iko, basi lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na ukipata homa wahi kituo cha afya. Ziwa ni zuri kupita kiasi, na hapo ndipo watu hujisahau. Maji ya kina kifupi karibu na makazi na matete yanaweza kuwa na kichocho, na mamba hawakosekani. Waulize wavuvi wanapooga wao na saa ngapi. Ukitaka kwenda visiwani au Kipili kwa boti, panda asubuhi ziwa likiwa limetulia, vaa jaketi okozi, na boti isiyo nayo iache iende.

Ambao hawana siku za kutosha wanaweza kubaki upande wa Sumbawanga na kupanda milima ya Mbizi, juu ya mita 2,000, ambako msitu wake ni makazi ya mbega wekundu walio hatarini kutoweka. Kibali kiulizwe ofisi ya misitu mjini. Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, yanafikiwa kwa kupitia Matai, na ni safari nyingine kabisa.

Gari za kutoka Kirando huondoka mapema sana, kwa hiyo zungumza na konda jioni iliyotangulia na mkubaliane nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa kwenye keria. Geuza usukani, punguza upepo kidogo, funga fremu kwa mipira na uweke nguo pale inapogusana na chuma. Pedeli zitoe. Ya kulia hufunguka kama nati nyingine yoyote. Ya kushoto ina uzi uliogeuzwa, na ukiizungusha kama ile ya kulia utazidi kuikaza.