Usafiri wa Anga: Shirika la Ndege la Peach, Japani

Mtahiniwa, maswali ya usafiri hukutaka ueleze sababu, si kuorodhesha tu. Mfano huu utakusaidia kufanya hivyo.

Usuli
Japani ni nchi ya visiwa. Vikubwa ni Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Kusini kabisa kuna visiwa vya Okinawa. Treni za kasi, Shinkansen, zilianza mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Peach, shirika la nauli nafuu, lilianza safari Machi 2012 likitokea uwanja wa Kansai, Osaka, kwenda Sapporo na Fukuoka. Mwaka 2019 liliunganishwa na Vanilla Air, lililokuwa na kituo Narita, karibu na Tokyo.

Njia za ndani
Tazama ramani utagundua jambo hili: ndege hupata abiria wengi mahali ambapo bahari na umbali huishinda treni.
- Osaka–Sapporo: Shinkansen haijafika Sapporo.
- Osaka–Naha (Okinawa): hakuna reli inayovuka bahari hiyo, na meli huchukua muda mrefu.
- Osaka–Fukuoka: angalia mtego! Shinkansen hufika Fukuoka. Hapa Peach hushindana kwa bei, si kwa kukosekana kwa treni.

Kwa nini nauli ni ndogo?
1. Hutumia ndege za familia moja, Airbus A320. Hivyo gharama za kufundisha marubani na mafundi na za kuweka vipuri hupungua.
2. Ndege hukaa muda mfupi uwanjani. Hivyo hufanya safari nyingi kwa siku.
3. Mizigo, chakula na kuchagua kiti hulipiwa kando. Hivyo asiyevihitaji havilipii.
4. Huko Kansai hutumia jengo la abiria lisilo la anasa, ambalo abiria hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege. Hivyo gharama za uwanja hushuka.

Udhaifu
Ratiba ikibana, ndege moja ikichelewa asubuhi, safari zinazoifuata huchelewa pia. Aidha, kutegemea kituo kimoja ni hatari. Kansai imejengwa juu ya kisiwa kilichotengenezwa na binadamu. Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliufurikisha uwanja huo kwa maji, na meli ya mafuta ikagonga daraja linalouunganisha na nchi kavu. Maelfu ya watu walikwama.

Jaribu swali hili
Eleza sababu mbili zinazoliwezesha shirika la nauli nafuu kupunguza gharama. (Alama 4)

*Jibu dhaifu:* "Lina ndege za aina moja. Ndege hazikai uwanjani." Hapa umetaja tu, utapata nusu ya alama.

*Jibu kamili:* "Lina ndege za aina moja, hivyo fundi mmoja anaweza kuzihudumia zote na vipuri vya aina chache vinatosha. Ndege hazikai uwanjani muda mrefu, hivyo kila moja hubeba abiria wengi zaidi kwa siku, na gharama ya ndege hugawanywa kwa watu wengi."

Umeona tofauti? Ni neno "hivyo" na kinacholifuata. Kila unapoandika hoja, jiulize: hivyo inakuwaje? Ukikosa la kujibu, hoja yako haijakamilika.

Zoezi: Kwa kutumia mfano wa Kansai, eleza hasara mbili za shirika kutegemea uwanja mmoja. (Alama 4)