SOMO LETU: KIVULI CHA TURUBAI UBAVUNI MWA GARI LISILO NA KERIA



Siku ya kliniki ya gari, akina mama hufika mapema na watoto wao mgongoni. Jua linapopanda, mtoto mwenye homa anazidi kudhoofika kwenye foleni. Ninyi wahudumu wa afya wa vijiji na wajumbe wa kamati mnaweza kuweka kivuli kwa turubai, hata kama gari halina keria juu ya paa.

Lakini kumbuka jambo moja tangu mwanzo: gari la kliniki ndilo hilo hilo linalompeleka mgonjwa wa dharura hospitali. Kwa hiyo kivuli chetu lazima kifunguke haraka.

VIFAA
- Turubai 1 la mita 4 kwa 5. Msilikate.
- Kamba 2 za mita 6, za kupita juu ya paa.
- Kamba 4 za mita 3, za nguzo.
- Nguzo 2 na vigingi 4.
- Mawe 4 laini, ukubwa wa ndimu.
- Magunia matupu 2 na kitambaa chekundu 1.

JINSI YA KUFUNGA

1. Dereva aegeshe gari mahali tambarare, azime injini na avute breki ya mkono. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Fungeni kitambaa chekundu kwenye usukani. Maana yake: gari limefungwa kamba, lisiwashwe.

2. Msitoboe turubai. Tundu dogo huchanika kwa upepo mpaka turubai zima liharibike. Badala yake, weka jiwe laini chini ya turubai karibu na pembe, likunje ndani, kisha funga kamba chini ya jiwe kama unavyofunga mdomo wa mfuko. Jiwe litazuia kamba kuteleza. Fanya hivyo pembe zote nne.

3. Upande wa mita 5 ulale kando ya gari. Rusha zile kamba mbili ndefu juu ya paa hadi upande wa pili. Pale zinapogusa ukingo wa paa, weka gunia lililokunjwa, ili kamba isilike na rangi ya gari isikwaruzike.

4. Upande wa pili, pitisha kila kamba kwenye tundu la rimu ya gurudumu, moja mbele na moja nyuma. Funga fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvuta ncha mara moja. Usifunge kwenye kioo cha pembeni, kitasa cha mlango wala waya wa redio. Vitu hivyo huvunjika.

5. Simamisha nguzo mbili upande wa nje. Ziwe fupi kuliko gari kwa nusu mita au zaidi, ili maji ya mvua yateremke nje, yasituame katikati. Turubai lililobeba maji ni zito, nalo huangusha nguzo juu ya watu. Jambo hili ni muhimu mkoani Kigoma mvua zinapoanza, mwezi wa 10 au wa 11.

6. Kila nguzo ivutwe na kamba mbili zinazotanuka kama miguu. Kigingi kiwe mbali na nguzo kwa kipimo sawa na urefu wa nguzo, nacho kilalie upande wa nje. Penye mchanga, fukia mfuko uliojaa mchanga badala ya kigingi.

TAHADHARI
- Injini isiwashwe watu wakiwa chini ya turubai. Moshi wa gari una sumu isiyoonekana, nayo huua.
- Msipike wala kuwasha moto chini yake. Turubai ni plastiki.
- Upepo ukiwa mkali, msishike nguzo kwa mikono. Ondoeni watu, kisha mlishushe turubai.
- Watoto wasicheze na kamba.

GARI LIKIITWA GHAFLA
Chagueni mapema watu wawili. Wa kwanza awaondoe watu chini ya kivuli, akianza na watoto, kisha ashushe nguzo. Wa pili avute ncha za mafundo mawili, atoe kamba zote kwenye magurudumu, azunguke gari kuhakikisha hakuna kilichobaki, aondoe mawe, na mwisho kabisa akabidhi kitambaa chekundu kwa dereva. Dereva asiwashe gari kabla ya kukipokea mkononi.

Fanyeni mazoezi mara tatu kabla ya siku ya kliniki. Mazoezi ndiyo yatakayowaonyesha fundo lililokazwa vibaya.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini hatutoboi turubai?
2. Kwa nini nguzo za nje ni fupi kuliko gari?
3. Kijijini kwenu, ni nani atakayetunza kitambaa chekundu?