Kutaarifu Amri na Maombi kwa Kiingereza



Wengi wenu mnawasaidia watoto kazi za shule nyakati za jioni, na wengine mnaandika barua na mihtasari ya mikutano kwa Kiingereza. Mara nyingi hapo inatupasa kueleza yale ambayo mtu mwingine aliagiza au aliomba.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa walimu vijana, mzazi mmoja alikuja shuleni, akamkosa mwalimu mkuu. Alituachia ujumbe: “Tafadhali, namsihi aningojee mwezi mmoja, nitalipa ada.” Nasi tukaandika katika daftari: The father told the headmaster to wait for one month. Mwalimu mkuu aliposoma alikasirika, akauliza mzazi huyo ni nani hata amwamuru. Mtoto akarudishwa nyumbani, akakosa masomo siku tatu, mpaka tulipokwenda kueleza. Sarufi yetu ilikuwa sahihi, lakini kitenzi hakikuwa chake. Tungaliandika begged, mtoto angalibaki darasani.

Basi tuzishike kanuni hizi:

1. Kitenzi kifuate nia ya msemaji. Aliyeagiza, told, aliyeamuru kwa mamlaka, ordered, aliyeomba, asked, aliyesihi, begged, aliyeshauri, advised, aliyeonya, warned. Neno please huondoka, na adabu yake huchukuliwa na asked au begged.

2. Tumtaje aliyeambiwa. Tuseme He told me to wait, wala si He said me to wait. Tena tuangalie: He asked me to wait maana yake aliniomba mimi ningoje, He asked to wait maana yake aliomba angoje yeye mwenyewe.

3. Baada ya aliyeambiwa huja to na kitenzi kisichobadilika. Kiswahili husema “alituambia tukae”, kwa hiyo wanafunzi huandika He told us we sit. Sahihi ni He told us to sit.

4. Katika kukataza, not hutangulia to. “Don’t be late,” he said to us, huwa He warned us not to be late. Tusiandike to don’t be late.

5. Maneno ya mtu, mahali na wakati hugeuka. “Bring your books here tomorrow,” the teacher said to the boys, huwa The teacher told the boys to bring their books there the next day. Lakini tukitaarifu siku ile ile na mahali pale pale, here na tomorrow huweza kubaki.

Neno ask linahitaji uangalifu, kwa kuwa Kiswahili kina maneno mawili, kuuliza na kuomba, na Kiingereza hutumia hilo moja. She asked me whether I was ill ni kuuliza. She asked me to open the door ni kuomba. Kwa hiyo “Will you open the door, please?” ijapokuwa ina alama ya kuuliza, tunaitaarifu kama ombi.

Anayepeleka maneno ya mwenziwe amebeba na heshima yake. Kabla ya kuandika, tujiulize: je, aliamuru, aliomba, au alisihi?

ZOEZI. Geuza sentensi hizi, huku umefunika majibu:

(a) “Please lend me your hoe,” Juma said to Ali.
(b) “Don’t touch that wire!” the mother said to her son.
(c) “Stand up!” the officer said to the men.

MAJIBU: (a) Juma asked Ali to lend him his hoe. (b) The mother warned her son not to touch that wire. (c) The officer ordered the men to stand up.