Grili za Dirisha: Mwizi Asiingie, Lakini Wewe Utatokaje?

Mwezi huu tuzungumzie dirisha. Wengi wetu tukimaliza kujenga, pesa kidogo inayobaki tunampelekea fundi wa kuchomelea vyuma. Hatulaumu mtu, wezi wapo. Shida ni kwamba tunamwambia fundi, "Weka grili kila dirisha," naye anazichomelea moja kwa moja kwenye fremu. Kuanzia siku hiyo nyumba ina njia moja tu ya kutoka, yaani mlango. Na huo mlango usiku una kufuli.

Tusisahau Kyanguli, Machakos. Machi 2001 bweni liliungua usiku, wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, 1998, wasichana wa Bombolulu kule Pwani walikuwa wamenaswa vivyo hivyo. Kitabu cha usalama cha Wizara ya Elimu cha 2008 kinasema madirisha ya bweni yasiwe na grili kabisa, na yafunguke kwa urahisi kwenda nje. Kama parokia yenu ina bweni, hapo hakuna mjadala: ziondolewe.

Nyumbani tunaweza kupatana na fundi. Kila chumba cha kulala, grili moja iwe na bawaba, ifunguke kwa ndani kama mlango. Nafasi iwe ya kupita mtu mzima na mabega yake, si paka. Komeo lifunikwe kwa bamba la chuma upande wa nje, mwizi akivunja kioo mkono wake usilifikie. Ukipenda kufuli, basi ufunguo ukae chumba hicho hicho, kwenye msumari ambao mtoto anaufikia lakini mtu wa nje haufikii. Kwenye moshi hakuna anayeanza kupekua mkoba wa mama. Kabati nalo lisisimame mbele ya dirisha hilo.

Wavu wa mbu usipigiliwe misumari; uwe na fremu yake ya kutoa. Na ninyi wa Limuru na Kinangop mnaoongeza kioo cha pili au nailoni kwa sababu ya baridi, msizibe matundu ya hewa. Sumu ya jiko la makaa haina rangi wala harufu.

Kabla ya jumuiya kukutana tena, kila nyumba izime taa usiku na watoto wajaribu kufungua grili zao. Kwangu tulijaribu. Komeo lilikuwa limeshika kutu, hata mimi likanishinda. Asubuhi nilimwita fundi.