Kupandikizwa Figo: Pima Kabla ya Kuamua

Figo zote mbili zikishindwa kazi, mgonjwa hubaki na njia kuu mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Hapa Tanzania huduma hiyo ilianza Muhimbili Novemba 2017, ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018.

Unachopaswa kujua

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja. Zile za zamani kwa kawaida huachwa. Ikifanya kazi vizuri, unaachana na mashine, lakini unalazimika kumeza dawa kila siku ili kinga ya mwili isiishambulie. Ukiziacha kwa kukosa fedha au kwa kujiona umepona, figo itaharibika. Usichanganye dawa hizo na miti shamba, wala usifunge Ramadhani, kabla ya kumuuliza daktari wako.

Basi kabla ya kukubali jiulize: moyo wangu unaweza kuhimili upasuaji? Nina maradhi mengine, kama saratani? Dawa za miaka yote zitalipiwa na nani?

Sheria inasemaje?

Baraza la Fiqhi la Rabita, Makkah, liliruhusu mwaka 1985 kuchukua kiungo cha mtu aliye hai kumnusuru mwenye dharura, kwa masharti. Miongoni mwake ni kwamba mtoaji asidhurike na atoe kwa hiari. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1988 likasisitiza kuwa kiungo hakiuzwi. Wapo wanavyuoni wasiokubali, hivyo muulize pia sheikh unayemwamini.

Haki ya mtoaji

Mtu mwenye afya huweza kuishi na figo moja, ila naye anapasuliwa, na lazima apimwe kikamilifu. Mara nyingi ni mke, kaka au dada. Msimbane kwenye kikao cha ukoo mbele ya wazee, kwani hiari ya mwenye haya si hiari. Aachwe azungumze na daktari peke yake. Akisema hapana, undugu usikatwe.

Nawe mwenye kisukari au presha, pima figo mapema. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.