Kabla hujanunua hiyo mashine ya kosta

Mdogo wangu wa Tanga, ujumbe wako nimeusoma wote. Umeenda kitchen party, umeona kila mgeni anaondoka na kosta ya kuwekea glasi yenye picha ya bibi harusi, ukapiga hesabu kichwani, na sasa pesa ya mchezo uliyopokea inakuwasha mkononi. Unauliza ununue mashine gani ya joto.

Tulia kwanza. Mashine ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii, kwa kosta ya mbao inamaliza zamu yake kwa dakika moja hivi. Kosta nyingi zinakuwa zimeshaharibika kabla hata mfuniko haujashushwa.

Kazi hii inatumia wino wa sablimesheni, nao si wino wa stationery. Picha inachapwa kwenye karatasi maalumu, karatasi inalazwa juu ya kosta, vyote vinabanwa kwa joto la nyuzi 190 hadi 200 hivi za Selsiasi. Wino mkavu unageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa majimaji, unapenya kwenye poliesta, na ukipoa unabaki humo humo. Ndiyo maana ukipitisha kidole husikii kitu, wala mchoro haubanduki kama stika. Sasa mbao haina poliesta, kigae hakina, jiwe halina. Kosta lazima iwe imepakwa tabaka la poliesta kiwandani. Ukichukua vigae vya bafuni duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ni rahisi na vinang'aa, rangi itakaa juu juu na dodoki litaondoka nayo. Dukani sema wazi kwamba unataka kosta za sablimesheni, uliza upande upi umepakwa, na angalia kama kuna ngozi nyembamba ya plastiki juu ya kubandua kabla ya kuchapa.

Jambo jingine wateja hawalijui: wino mweupe haupo kwenye kazi hii. Weupe wote unaouona ni wa kosta yenyewe. Anayetaka maandishi meupe kwenye kosta nyeusi tupu mwelekeze kwa fundi wa kazi nyingine, usimpe ahadi.

Printa nayo si yoyote. Zipo zinazochemsha wino ili kuurusha kwenye karatasi, hizo hazifai kabisa. Mafundi wengi wanatumia Epson za matanki kwa kuwa kichwa chake kinasukuma wino bila kuupasha moto. Ukiamua kununua, chukua mpya na uijaze wino wa sablimesheni tangu siku ya kwanza. Iliyokwisha kunywa wino wa kawaida waachie wa stationery. Na isikae wiki nzima imelala, wino unaganda kwenye matundu. Kwa hiyo dada yako anakuambia hivi: kama huna oda za mfululizo, usinunue printa. Tafuta mwenye nayo akuchapie, umlipe kwa karatasi, wewe ubaki na kubana tu. Ukiona oda zinakuzidi ndipo ufikirie kununua.

Sasa adui yetu sisi wa pwani: unyevu. Karatasi inaunyonya, kosta za mbao za MDF zinaunyonya. Joto likishuka, maji yanageuka mvuke, yanaisukuma rangi pembeni, unapata uso wa bibi harusi wenye mabaka. Karatasi zikae kwenye mfuko uliofungwa. Kosta tupu ibane sekunde chache kabla ya kuweka picha, itoe mvuke wake kwanza. Hatua hii watu wanairuka kwa haraka, halafu wanalaumu wino.

Picha igeuzwe kabla ya kuchapwa, majina yasomeke kinyume kwenye karatasi, na izidi kingo za kosta kwa milimita 2 au 3. Ifunge kwa utepe wa joto, maana ikisogea kidogo wakati wa kufungua utapata kivuli, kama mtu ana pua mbili. Juu na chini weka karatasi safi isiyo na nta. Usiirudie iliyotumika, rangi iliyobaki humo itahamia kwenye kazi inayofuata. Rangi zikionekana zimefifia kwenye karatasi usishtuke, zinaamka kwenye joto.

Muda fuata maelekezo ya aliyekuuzia kosta, kisha jaribu mwenyewe. Kigae kinataka muda mrefu kuliko mbao kwa sababu joto linachelewa kukipenya. Nyeusi ikitoka ya kahawia, umezidisha. Ikitoka ya kijivu, umepunguza. Na soma kioo cha mashine vizuri! Baadhi zinahesabu kwa Farenhaiti. Ukiweka 200 hapo, hiyo ni nyuzi 93 tu za Selsiasi, hata maji hayajachemka. Unayoitafuta ni karibu 390. Mashine yenyewe ina njaa ya umeme, basi ipe soketi yake, isigawane ekstensheni na friji. Fungua dirisha, ule moshi si wa kuuvuta.

Picha za wateja zitakutesa kuliko vyote. Akikutumia WhatsApp inabanwa na kupoteza ubora, mwambie aitume kama dokumenti. Kosta ya sentimita 10 inataka kama pikseli 1,200 kila upande. Picha iliyokatwa kwenye status ya mtu, ikatae kwa upole.

Bei: usihesabu kosta na wino peke yake. Ongeza zitakazoharibika, LUKU, na usiku uliokaa unapanga majina. Mwoneshe mteja mchoro usiogeuzwa, akuandikie kwamba majina na tarehe ni sahihi, halafu atume nusu ya pesa. Kosta zenye majina ya maharusi na tarehe yao hakuna mwingine atakayezinunua.

Na najua swali linalofuata. Nembo za Simba na Yanga zina wenyewe, mdogo wangu, huwezi kuzichapa na kuziuza bila ruhusa ya klabu. Shabiki akikubembeleza, mchapie jina lake kwenye nyekundu au kwenye njano na kijani, atakuelewa.